Mtoto ana siko seli na nyumbani kuna dawa za miti shamba: fuata hatua hizi

Kila siku ya kliniki, tukiwa kwenye benchi tunasubiri kuitwa, hakosi mama mgeni wa kunisogelea na kuninong'oneza: "Dada, na wewe wako unampa za miti shamba?" Ananong'ona kwa sababu hataki nesi asikie. Ukiangalia begi lake, chini ya nguo za mtoto kuna chupa ya soda yenye maji ya kijani, kifuniko kimezibwa kwa nailoni.

Maswali ni yale yale. Nimpe ipi? Nikimpa, niache vidonge? Mama mkwe ameleta dawa kutoka kijijini, nimwambieje? Nimejibu mara nyingi mpaka nikaona ni heri niandike, ili hata yule ambaye hatukai naye benchi moja apate.

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 6 mwenye siko seli, ugonjwa ambao Waganda wanauita nnalubiri. Tunaishi Tororo, mashariki mwa Uganda. Si daktari wala si mganga. Ninachokuandikia ni utaratibu ambao umemweka mwanangu shuleni na mimi kitandani usiku, na kila hatua nimeipitisha kwa watu wa kliniki kabla ya kuishika.

Siandiki ili kukukataza miti. Hapa Uganda karibu kila nyumba ina kichaka chake nyuma ya jiko, na wengi wetu tulilelewa nacho. Ninachotaka ni hiki: dawa ya miti ikiingia kwako iingie mchana kweupe, iandikwe, daktari aijue, na isichukue nafasi ya dawa ya hospitali hata siku moja.

Kidogo tu kuhusu ugonjwa

Chembe nyekundu za damu za mtoto wako hujikunja kama mundu zinapokosa hewa au maji. Zikijikunja huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Pia hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku kama 120, ya kwake huishi siku 10 mpaka 20, ndiyo maana hana damu ya kutosha na macho yana umanjano. Wengu wake huharibika akiwa bado mdogo, na wengu ndio unaopambana na vijidudu vya damu. Kwa hiyo homa kwake si homa ya mtoto wa jirani.

Ni ugonjwa wa kurithi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana chembe ya urithi ya ugonjwa lakini wenyewe hawaugui, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Si laana, si jicho la mtu, na wala si kosa la ukoo wa mama peke yake. Uchunguzi uliofanywa nchini kwa sampuli za damu za watoto wadogo karibu 98,000, ukachapishwa 2016, ulikuta kwamba katika kila watoto 100 kama 13 ni wabebaji. Hauko peke yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya majibu ya maabara inayosema SS, yaani mgonjwa wa siko seli, si maneno ya mtu.
- Dawa za hospitali za mwezi mzima, ziko ndani ya nyumba.
- Kipimajoto cha kidijitali. Kinauzwa duka la dawa, na ni heri ukose sahani mpya ukipate hicho.
- Daftari la mazoezi la shule, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari hilo ili watoto wasiibebe.
- Chupa ya maji ya nusu lita ambayo ni ya mtoto huyu peke yake.
- Neti yenye dawa, isiyo na matundu.
- Pesa ya boda ya kwenda hospitali, imekunjwa mahali ambapo hata wewe unaona aibu kuigusa kwa ajili ya sukari.
- Namba ya boda anayekubali kuamka usiku, na namba ya kliniki.
- Mtu mzima wa pili nyumbani anayejua kila kitu unachojua wewe. Siku utakayokuwa sokoni ndiyo siku homa itakayokuja.

Hatua ya 1: Hakikisha ni siko seli kweli

Nimekutana na watoto waliotibiwa kwa miti mwaka mzima kwa sababu mtu alimwangalia tu macho akasema "huyu ni siko". Nimekutana pia na waliokuwa wagonjwa kweli, wakaambiwa ni malaria kila mwezi. Kwa mtoto mchanga dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba kwa juu, kuanzia miezi kama sita, na mtoto hulia ukimshika vidole. Mpeleke apimwe. Tone la damu hukaushwa kwenye karatasi na kutumwa maabara kuu ya serikali Kampala, au hupimwa hapo hapo penye mashine. Kile kipimo cha haraka kinachosema tu "kuna siko" hakitenganishi vizuri mgonjwa na mbebaji. Dai kile kinachoonyesha AA (mzima), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa).

Hatua ya 2: Dawa za hospitali zisimame imara kwanza

Usifikirie jani lolote kabla hujaweza kumpa dawa hizi mwezi mzima bila kuruka:

Penisilini ya kumeza, asubuhi na jioni, kila siku, mpaka afikishe angalau miaka 5. Hii ndiyo inayofanya kazi ya ule wengu uliochoka.

Foliki asidi kila siku, kwa sababu mwili wake unatengeneza damu mpya mbio mbio.

Kinga ya malaria kama kliniki walivyokupangia, pamoja na neti.

Chanjo zote. Ile ya nimonia, ambayo Uganda iliiingiza kwenye ratiba ya watoto mwaka 2013, usiikose kabisa.

Na uliza kuhusu haidroksiurea. Wengi wanaiogopa kwa kuwa wamesikia ni dawa ya saratani. Pale Mulago, hospitali kuu ya taifa Kampala, walifanya utafiti kwa watoto 207 wa kuanzia mwaka 1 mpaka karibu miaka 4, matokeo yakatoka 2017: waliopewa dawa hii walipata shida chache za siko seli kuliko wenzao, na malaria haikuongezeka. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Mwanangu yuko nayo mwaka wa tatu sasa. Zamani tulilazwa mara nne, tano kwa mwaka. Mwaka uliopita tulilazwa mara moja.

Kosa la kawaida: mtoto akichangamka wiki mbili, mama anasema "amepona" na kuacha penisilini. Kuchangamka huko ni kazi ya dawa yenyewe.

Hatua ya 3: Jifunze kuupapasa wengu

Hapa nitakaa kidogo, maana hatua hii ilimwokoa wangu na haigharimu shilingi.

Mwambie nesi akuonyeshe mara moja, kisha ufanye mwenyewe kila jioni kabla ya kulala. Mlaze mtoto chali, magoti ayakunje kidogo ili tumbo lilegee. Kaa upande wake wa kulia. Mpigishe soga, maana akicheka tumbo linakaza, na akiogopa linakaza zaidi. Weka vidole vitatu vikiwa bapa chini ya kitovu, upande wake wa kushoto. Bonyeza taratibu, na kila anapovuta pumzi panda kidogo kuelekea mbavu za kushoto. Usianzie juu karibu na mbavu, kwa sababu wengu ukiwa umevimba sana utakuwa juu yake na hutaujua.

Wengu ukiwa umevimba, utahisi ukingo mgumu ukigonga ncha za vidole anapovuta pumzi, kama ukingo wa sahani uliofunikwa na shuka. Mimi nilikata kijiti cha fagio, nikakipima kutoka mbavu ya mwisho mpaka kwenye ukingo ule siku alipokuwa mzima, nikakikata hapo. Kijiti kile kimefungwa kwenye daftari. Jioni ukingo ukipita kijiti, na mtoto amepauka au anaomba maji kuliko kawaida, hatusubiri asubuhi. Damu inakuwa imejikusanya ndani ya wengu, na inaweza kumwishia mwilini kwa saa chache.

Hatua ya 4: Keti na mwenye dawa

Kwa wengi wetu mwenye dawa ni nyanya wa mtoto. Usimkwepe, na usiimwage dawa yake nyuma ya nyumba huku unamwambia umeinywesha. Ataleta nyingine, yenye nguvu zaidi, kwa sababu "ile haikufanya kazi".

Mama mkwe wangu nilimpikia chai, nikamwekea kiti kivulini, nikachukua daftari. Nikamwambia, "Mama, naomba unifundishe. Hii ni mti gani, na unachuma wapi?" Alishtuka. Alitegemea ugomvi. Akanitajia mululuza, ule mti mchungu ambao kwao magharibi wanauita omubirizi, akanitajia na wa pili na wa tatu. Nikaandika yote mbele yake. Kisha nikamwambia, "Mama, huyu mtoto figo na ini lake vinafanya kazi ngumu kuliko za watoto wako. Naomba tusimpe kitu ambacho sijakipeleka kwa daktari. Wewe ndiye uninunulie neti na unishikie zamu ya wengu." Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Basi mwanangu, nionyeshe huo wengu." Leo vidole vyake vinajua kuliko vyangu.

Uliza mambo matano na uandike: jina la mti kwa lugha yake, sehemu gani (jani, gamba, mzizi), imechanganywa na nini, inatolewa kiasi gani, na alishampa mtoto mdogo kama huyu? Mganga asiyetaka kutaja jina la mti, ondoka kwake kwa adabu. Uganda ina Sheria ya Tiba za Asili na Tiba Mbadala ya 2019, na kule Wandegeya kuna taasisi ya serikali inayochunguza dawa hizi kwenye maabara. Dawa iliyotiwa chupa na kuuzwa dukani inatakiwa iwe na namba ya usajili ya NDA, mamlaka ya dawa ya taifa. Siri ya ukoo naiheshimu, ila haiwezi kuwa ndani ya mtoto ninayetakiwa kumweleza daktari usiku wa manane.

Hatua ya 5: Chuja. Hivi usivifanye kabisa

*Shubiri (ekigagi).* Inaharisha. Mtoto wa siko seli akiharisha anakauka maji, na akikauka chembe zinajikunja. Unamletea maumivu kwa mkono wako.

*Mumbwa na udongo wa aina yoyote.* Mumbwa ni miti iliyosagwa ikakandwa na udongo. Udongo huweza kuwa na madini ya sumu kama risasi, na hushika dawa tumboni zisiingie mwilini.

*Dawa ya kuongeza damu isiyo na lebo.* Hapa wengi tunaanguka. Mtoto amepauka, tunafikiri anakosa madini ya chuma. Lakini damu ya siko seli inapungua kwa sababu chembe zinakufa mapema, si kwa sababu chuma hakipo. Mtoto aliyeongezewa damu mara kadhaa anaweza kuwa na chuma nyingi kupita kiasi, nayo hukaa kwenye ini na moyo. Asipewe chuma bila kipimo, iwe ya hospitali au ya chupa ya sokoni.

*Kumwingizia dawa kwa njia ya haja kubwa, chale, na kung'oa yale wanayoita meno ya plastiki.* Kila kidonda ni mlango wa vijidudu, na mlinzi wa mlango huo ni ule wengu usiofanya kazi.

*Mafuta ya mwarobaini kwa kunywa.* Ni sumu kwa watoto wadogo.

*Asali kabla ya kutimiza mwaka 1.* Hii ni kwa mtoto yeyote.

*Unga uliokwisha kusagwa ambao huwezi kuuliza asili yake.* Kwenye soko la Owino, Kampala, unga wa kahawia uko wa kila aina, na ukishasagwa hata bingwa wa miti hautambui. Na dawa yoyote inayoondoa maumivu makali ndani ya dakika chache iogope: kuna wanaosagia vidonge vya hospitali ndani yake. Mtoto akianza kula kupita kiasi na uso kuvimba mviringo baada ya dawa ya namna hiyo, mpeleke akachunguzwe, na usiiache ghafla kabla ya kuongea na daktari.

Kuhusu kyogero, maji ya majani ya kumwogeshea mtoto: kuogesha hakuna ubaya mkubwa, maji yakiwa ya uvuguvugu na mtoto akafutwa upesi, maana baridi huamsha maumivu. Lakini watu huogesha kisha wanamnywesha maji yale yale kikombe. Hapo mimi nasema hapana.

Sasa utaniuliza kimebaki nini. Kimebaki kile ambacho nyanya zetu walikuwa nacho siku zote na hatukukiita dawa: doodo, nakati, bbugga, majani ya maboga. Mboga hizi za kijani zina folati, yaani foliki asidi ya asili. Zipike kwa mvuke muda mfupi, maana zikichemka sana folati inapotea kwenye maji unayomwaga. Chai ya mchaichai isiyo kali inamsaidia kunywa maji mengi bila kugombana. Juisi ya bitiruti wengi wanaisifu. Ni chakula kizuri, ila rangi yake nyekundu si damu, na haigeuki kuwa damu.

Hatua ya 6: Ipeleke dawa kliniki ikiwa wazi

Mwanangu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mhudumu mmoja aliona majani kwenye begi langu akanifokea mbele ya watu: "Ninyi ndio mnaowaua watoto halafu mnakuja kulia hapa." Sikusema neno. Ila tangu siku ile, kwa miezi mingi, kila nilipoulizwa "umempa kitu kingine?" nilijibu "hapana". Nilidanganya watu waliokuwa wanampangia mtoto wangu dawa. Nakuomba usipite njia hiyo, hata ukifokewa.

Chukua jani lenyewe, au lebo ya chupa, na daftari lako. Sema hivi: "Daktari, nyumbani wanataka kumpa hii. Nataka kujua kama inagombana na dawa zake, na kama ini na figo vyake vinaruhusu." Ukiuliza kabla ya kumpa, wengi wanakusikiliza vizuri. Akisema hapana, ni hapana. Akisema hajui, ichukulie kama hapana mpaka atakapojua, hasa mtoto akiwa kwenye haidroksiurea, kwa sababu damu ikibadilika hawatajua kilichoibadilisha. Ukikutana na asiyesikiliza, rudi siku nyingine kwa mwingine, lakini usifiche.

Hatua ya 7: Kimoja kimoja, na daftari

Kama umeruhusiwa kitu, anza na kimoja tu. Wiki mbili bila kuongeza kingine. Usianze wiki ambayo mtoto ana homa, anaharisha, au ametoka kulazwa. Kiasi kiwe kilichokubaliwa kliniki, si "ujaze kikombe". Kiache kipishane na vidonge kwa angalau saa mbili.

Ukurasa wangu una mistari saba kila siku: joto, wengu (kijiti), maumivu (wapi, saa ngapi), maji aliyokunywa (chupa ngapi), rangi ya mkojo, dawa za hospitali (alama mbili za penisilini), na kitu kingine chochote kilichoingia mdomoni. Huu hapa wa siku moja, kama ulivyo:

*Jumanne. Joto 36.8. Wengu chini ya kijiti. Maumivu: goti la kulia, baada ya mpira, likaisha kwa maji na kukandwa na kitambaa cha moto. Maji chupa 3. Mkojo wa waridi! P asub. P jioni. Foliki. Bitiruti glasi nusu mchana.*

Ile alama ya mshangao ilinifanya nikimbie mpaka kliniki. Siko seli inaweza kuleta damu kwenye mkojo. Nesi akasoma daftari, akaweka kidole kwenye neno "bitiruti", akapima mkojo kuhakikisha: hakuna damu. Bila mstari ule wangemchoma sindano za bure, au siku ya damu ya kweli ningesema "ni bitiruti tu".

Hatua ya 8: Siku ya homa, miti inakaa pembeni

Mwanangu alikuwa na miaka 2. Ijumaa, saa mbili usiku, mwili ukawaka. Nyanya yake akachemsha mululuza, akampa vijiko. Mtoto akatoka jasho, mwili ukapoa, tukashukuru Mungu tukalala. Alfajiri nilipomfunulia shuka midomo ilikuwa nyeupe na tumbo gumu upande wa kushoto. Aliongezewa damu saa tatu asubuhi. Nyanya alifanya kwa mapenzi na mimi nilikubali kwa mapenzi. Zile saa kumi hazikuwa zetu za kutumia.

Kwa hiyo, sheria ya nyumba yetu imebandikwa mlangoni. Mojawapo ya haya yakionekana, hakuna kuchemsha kitu, hakuna kusubiri:

- Joto nyuzi 38.5 au zaidi. Mimi begi nalifunga ikifika 38. Kama huna kipimajoto, mwili ukichoma mkono inatosha.
- Kupauka ghafla, au wengu kupita kijiti.
- Kifua kuuma, kukohoa na kuhema mbio.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, kushindwa kusema, degedege.
- Maumivu yasiyotulia kwa dawa ya maumivu mliyopewa.
- Kutapika kila anachokunywa.
- Kwa mvulana, uume kusimama kwa maumivu na kukataa kulala kwa saa mbili.

Njiani mpe maji, na dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake kama mlivyoandikiwa. Ukifika, maneno ya kwanza mdomoni yawe "ana siko seli na ana homa", kabla ya jina lake. Beba daftari. Kama alikunywa jani lolote siku tatu zilizopita, sema.

Mambo yakigoma

*Kliniki hawana penisilini au haidroksiurea.* Hutokea. Usijaze pengo kwa mti. Waombe wakuandikie ununue duka la dawa lenye leseni, ulizia kituo cha ngazi ya nne kilicho karibu, na omba ya akiba kabla ya mwezi kuisha, siku kumi kabla.

*Mtoto anatema vidonge kwa uchungu.* Muulize mfamasia kama kidonge hicho kinaweza kusagwa na kuchanganywa na kijiko kimoja cha chakula laini. Haidroksiurea usiifungue mwenyewe kwa mikono mitupu; waulize namna ya kuigawa.

*Alianza jani jipya na sasa ana vipele, macho yamekuwa ya njano zaidi, mkojo kama koka, au anasinzia.* Acha leo, nenda leo, beba jani lenyewe. Usimpe maziwa au mafuta "kuosha sumu".

*Baba wa mtoto anasema pesa ya hospitali ni bure, apelekwe kwa mganga anayeponya kabisa.* Mwulize mganga huyo kitu kimoja mbele ya baba: baada ya dawa, mtoto apimwe tena, karatasi itasema AA? Hakuna mti unaojulikana kubadilisha SS. Nigeria walitengeneza kidonge cha mimea minne, karafuu ikiwemo, wakakijaribu kwa wagonjwa. Kilionekana kupunguza vipindi vya maumivu. Hata wao hawakusema kinaponya. Mtu mwenye elimu ya miti atakwambia hivyo hivyo.

*Mashemeji wanakuambia umeleta damu mbaya kwenye ukoo.* Mpelekeni baba akapimwe. Karatasi mbili za AS mezani hunyamazisha maneno mengi. Na kama mnapanga mtoto mwingine, karatasi hizo mtazihitaji.

*Mtoto anakaa kwa nyanya kijijini wakati wa likizo.* Dawa za siku zote pamoja na tano za ziada, kijiti, kipimajoto, karatasi ya majibu, jina la VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji, na njia ya kituo cha afya mmeipita pamoja kwa miguu kabla hujarudi mjini. Daftari nalo linaenda. Nyanya yake hasomi, kwa hiyo anachora: jua kwa penisilini ya asubuhi, mwezi kwa ya jioni, na jani dogo kama kuna kitu kimechumwa. Likizo ya Desemba alilirudisha na jua 31, mwezi 31, na jani moja tu, amelizungushia duara: doodo.